Ramani ya Ruth na Mvua ya Sironga

"Jana Sironga hakukunyesha," Ruth alisema kutoka Minnesota.

Osewe aliitoa simu sikioni, akaitazama, kisha akaitazama miguu yake. Alikuwa amesimama kwenye tope lililompita vifundo, buti moja limenasa na jingine linajaribu kujinasua. Juu ya mbao zilizoandaliwa kubeba slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, maji yalikuwa yametuama kwenye nailoni kama bwawa la kufugia samaki, nondo zikichungulia humo na kutu imeanza kuzishika. Manasseh, msaidizi wake wa miaka mingi, alikuwa akiyachota kwa ndoo na kuyamwaga chini, akipiga mluzi wa makusudi ili kila mtu ajue kwamba hiyo si kazi aliyoamkia.

"Dada Ruth, kumenyesha," Osewe alisema. "Ilianza mchana ikapiga mpaka jioni. Hata sasa nimesimama ndani ya maji."

"Fundi, ramani iko mbele yangu. Jana sifuri. Juzi sifuri. Wiki nzima ni sifuri. Na mtambo uko hapo kwa mama, juu kidogo tu ya mahali umesimama. Sasa mwongo ni nani, ni mtambo ama ni wewe?"

Kilichomkera Osewe zaidi ni kwamba asubuhi hiyo jua lilikuwa likiwaka vizuri, mbingu safi kana kwamba hazijawahi kumkosea mtu. Ndivyo ilivyo upande wa Nyamira mwezi wa nne. Asubuhi unaanika nguo, mchana unazianua mbio. Na simu za Ruth ziliingia asubuhi tu, saa ambayo huko kwao ni usiku naye yuko kwenye mapumziko ya zamu. Hajawahi kupiga simu hata mara moja mvua ikimwagika. Kila alipopiga, Osewe alikuwa mtu anayelalamikia mvua huku amekunja uso kwa sababu ya jua.

"Mwambie akuonyeshe hiyo Sironga yake ni wapi," Manasseh alisema simu ilipokatika. "Tuhamie huko."

Osewe hakucheka. Alikuwa amechoka kucheka.

Mafundi wa nyumba husingiziwa uongo, na wengi wao hawasingiziwi. Fundi akikwambia kesho, jiandae kwa mwezi ujao. Akikwambia saruji imekwisha, nenda ukaangalie kwa shemeji yake. Osewe alilijua hilo tangu ujana, tangu alipotoka kwao upande wa Oyugis na kumfuata mjomba wake Ombok kuja kuchanganya mchanga Nyamira. Ombok alikuwa fundi hodari na mwongo wa kupindukia, na alikufa akidaiwa madirisha na nusu ya mji. Osewe aliapa hatakuwa kama yeye. Akaoa, akapanga nyumba Nyamira mjini, mkewe Pam akafungua kibanda cha mitumba, watoto wakakua wakiongea Ekegusii kuliko Kijaluo. Miaka yote hiyo alijenga nyumba za watu wa pale, yeye mtu wa kuja, na kitu kimoja tu kikampa kazi baada ya kazi: Osewe akisema kesho, ni kesho. Watu walimtania kwamba kwa tabia hiyo hawezi kuwa fundi wa kweli.

Jina lake lilivuka hadi ng'ambo. Watu wa Sironga walioko Amerika wana kundi lao la WhatsApp, na humo ndimo nyumba za kijiji kizima hujengwa. Mmoja akisema fundi fulani ni mzuri, huyo fundi hali ugali wa wasiwasi tena. Mmoja akisema fundi fulani ni mwongo, basi, arudi kwao akalime. Ruth alimpata Osewe kwenye kundi hilo, na kwenye kundi hilohilo alikuwa tayari kummaliza.

Lakini tumtendee haki Ruth. Hakuzaliwa na shuku. Fundi wake wa kwanza, mmoja anayeitwa Gibson, alimwimbia wimbo wa mvua miezi miwili ya kiangazi, mvua leo, mvua jana, msingi umejaa maji, kumbe yeye yuko Suneka anaezeka baa. Ruth aliijua siri hiyo siku baa ilipofunguliwa na mtu akarusha picha mtandaoni, Gibson yuko katikati na chupa mkononi, nyuma yake mbingu ya buluu. Mwanamke anayekesha akiwageuza wazee vitandani na kuwaosha ili mama yake apate nyumba ya ghorofa, ukimfanyia hivyo unategemea nini? Alilia, akamfukuza Gibson, akanunua mtambo mdogo wa kupima hali ya hewa na kuutuma nyumbani kwa msafiri. Tangu siku hiyo akasema hatamuuliza binadamu yeyote habari za mvua.

Mtambo wenyewe ulikuwa kitu cheupe juu ya nguzo, uani kwa mama yake, Gesare. Una vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, na bakuli la kukinga mvua na kuihesabu. Hesabu hiyo huruka kupitia intaneti ya nyumbani hadi kwenye ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua. Humo, kila mtambo wa kila mtu ni duara dogo lenye nambari. Kijana aliyekuja kuusimika kutoka Kisii alikuwa na haraka ya kurudi mjini, akaisimamisha nguzo karibu na jiko la kuni, kwa hiyo kila Gesare alipokuwa akisonga ugali, ramani ilionyesha Sironga ina joto la Lodwar. Hakuna aliyeuliza. Ramani haiulizi. Wewe leta nambari tu, itakupa duara na rangi, na duara la mzembe linang'aa sawasawa na la mtu makini.

Tena kuna jambo la kukasirisha kuliko yote. Duara la Sironga lilikuwa na alama ya kijani, alama ya kituo cha kutegemewa. Lilipewa alama hiyo kwa sababu halikukosa kutuma nambari hata siku moja. Kama nambari zenyewe ni za kweli au za uongo, hilo halikumhusu mtu. Mwalimu Nyabuto wa shule ya jirani aliiona hiyo alama, akapanga siku ya michezo kwa kuifuata ramani, na watoto wakakimbia mita mia karibu kwa kuogelea.

Osewe alijaribu kila njia. Alituma video ya mvua. Ruth akajibu, "Hii ni ya lini?" Akapiga simu mvua ikinyesha ili asikie mwenyewe, lakini saa hiyo Ruth yuko barabarani akirudi kutoka kazini, simu ikaita mpaka ikakata. Siku moja alinunua gazeti la siku hiyo mjini, akasimama nalo kwenye mvua Manasseh akimpiga picha, kama mateka aliyeshikwa na majambazi. Gazeti likalowa, wino ukatiririka. Ruth akaandika, "Tarehe haionekani."

"Acha hiyo kazi," Pam alimwambia. "Mtu anayeamini simu kuliko mtu, utamjengea nini akaridhika?"

"Nikiacha nitakuwa nimekubali kwamba nilidanganya."

"Na usipoacha?"

Osewe aliomba chai.

Jumatatu ile ya jua na tope, Ruth alikuwa na neno la mwisho. Alipiga simu tena, Manasseh akiwa bado anachota maji. Slabu ya ghorofa humwagwa siku moja, asubuhi mpaka magharibi, bila kukatiza, na mvua kubwa ikiikuta ingali mbichi huosha saruji yote na kuacha kokoto zikitazamana. Osewe alikuwa ameiahirisha mara tatu. Ruth hakutaka kusikia ya nne.

"Alhamisi nikitoka zamu nitapiga video," alisema. "Saa tisa yenu, alasiri. Nikiona slabu, sawa. Nisipoiona, Ijumaa Abner anaingia hapo na vijana wake. Na kwenye kundi nitaeleza kwa nini."

Abner alikuwa fundi wa Nyacheki, aliyewahi kumwambia mteja kwamba ufa ukutani ni mapambo.

Jumanne mvua ilipoanza, vibarua walikimbilia stoo ya saruji kama kawaida. Stoo iko chini kabisa mwa shamba, migomba imeziba, na kutoka pale huwezi kuona uani kwa Gesare. Siku hiyo Osewe hakuingia stoo. Alipanda mbio hadi nyumba ya zamani ya Gesare, moyoni amebeba shitaka moja tu, kwamba mtambo ule ni mbovu na leo ataukamata ukidanganya. Alipotokea kwenye migomba alisimama kama aliyegongwa.

Mama mzee alikuwa mvuani. Alikuwa amepanda juu ya kigoda, kichwa wazi, kanga imemshika mwili, na alikuwa akiuvalisha mtambo. Kwanza aliuvika kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye maua pembeni, kimeshonwa kwa kipimo chake kabisa. Kisha juu ya kitambaa akaweka nailoni nyeusi, akaizungusha kamba, akaikaza kwa meno.

Nailoni hiyo Osewe aliijua. Ilikuwa kipande cha ile ya slabu. Gesare alikuwa amemuomba wiki za nyuma, naye akamkatia kwa furaha, akampa na kamba.

"Mama!" aliita. "Mama, unafanya nini?"

"Nafunika mtambo ya Ruth. Kuja ushike hapa, hii kamba inateleza."

Na Osewe, kwa sababu alilelewa vizuri, akaenda akashika. Ndivyo alivyojikuta amesimama kwenye mvua ya Sironga akisaidia kuificha mvua ya Sironga.

Walipoingia ndani, Gesare alimpa taulo na chai ya maziwa. Sebule yake ilikuwa safi, na hapakuwa na kitu humo kilichokuwa uchi. Viti vilivaa vitambaa, televisheni ilivaa kitambaa, redio pia, na hata chupa ya chai ilikuwa na sketi yake. Kitu cha thamani hufunikwa, na hiyo ni adabu ya nyumba. Osewe alitazama vitambaa vile vyote na kuona jinsi alivyokuwa mjinga kutolifikiria hili mapema.

"Mama, nakuomba," alianza kwa upole aliolazimika kuuchimba mbali. "Ule mtambo umetengenezwa unyeshewe. Hiyo ndiyo kazi yake. Unahesabu mvua."

Gesare alicheka mpaka akashika kiti. "Obee! Kitu ya stima inyeshewe? Fundi, hata wewe?"

"Ni kweli, mama. Una bakuli pale juu. Mvua inaingia, unaihesabu, unamwambia Ruth."

"Mvua ihesabiwe ya nini? Mvua ya Sironga nani hajui ni mingi?"

"Ruth hajui! Wewe unaufunika mvua ikija, unaufunua jua likitoka. Kwa hiyo Ruth anaona jua tu. Anasema mimi ni mwongo. Ananifukuza Ijumaa, mama."

Gesare aliacha kucheka. Aliweka kikombe chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemhurumia mgonjwa lakini hawezi kumpa dawa anayoitaka.

"Sikia, Osewe. Wewe ni mtu mzuri, na mimi nitamwambia Ruth wewe ni mtu mzuri. Lakini huyo mtoto anafanya kazi usiku. Anaoshanga watu wazee wenye si wake, halafu mimi mzee wake niko hapa najiosha mwenyewe. Kitu ametoa jasho hivyo akanunua, ikakuja na ndege, mimi niache iharibike na maji? Yaya, hapana. Hapa kwangu haiwezi kunyeshewa."

"Haiwezi kuharibika, mama. Ni plastiki."

"Hata simu yako ni plastiki. Weka nje tuone."

Osewe alitamani kugonga kichwa ukutani, ukuta ambao hakuujenga yeye na kwa hiyo haukumhusu. Alimweleza tena kwa mfano wa ndoo, kwa mfano wa debe la kupimia mahindi. Gesare alimsikiliza kwa heshima zote, akamwongezea chai, akasema ameelewa kabisa, na kwamba ataendelea kuufunika.

Usiku wa Jumanne alilala akigeuka. Angeweza kumwambia Ruth ukweli, lakini ukweli huo ulikuwa na mama ndani yake. Nani humpigia mtu simu ng'ambo kumwambia kwamba mama yake mzazi ndiye anayemdanganya? Kwa upande mwingine, akinyamaza, Ijumaa kundi zima litasoma jina lake. Asubuhi ya Jumatano simu ilipoita, aliamua kusema, na akasema kwa uangalifu wote alioweza, akichagua maneno kama mtu anayechambua mchele wenye mawe.



"Fundi," Ruth alisema, "Gibson alisingizia mvua. Wewe umeona mvua haitoshi, sasa unamsingizia mama yangu?"

"Dada, muulize mwenyewe. Niko hapa mlangoni kwake."

"Nitamuuliza. Weka sauti juu."

Gesare alifuta mikono, akaikaribia simu kwa furaha, wakasalimiana kwa Ekegusii, wakaulizana mengi ambayo Osewe aliyafuata nusunusu. Kisha Ruth akarudi kwenye Kiswahili ili fundi asikie.

"Mama, mtambo wangu uko aje? Kuna kitu unaufanyia?"

Osewe aliona hofu ikimpita mama mzee usoni. Ilikuwa hofu ya mtu aliyeachiwa kitu cha mwenyewe na sasa mwenyewe anauliza habari zake.

"Mimi?" Gesare alisema. "Mimi nautunza, mwanangu. Nautunza vizuri sana. Hauna shida yoyote. Uliza huyu fundi, hata jana tumekuwa naye hapo."

"Asante, mama. Umesikia, fundi?"

Amesikia. Sironga yote imesikia. Kila neno la mama lilikuwa la kweli, na Osewe akatoka pale akiwa mwongo kuliko alivyoingia. Alishuka hadi kwenye ujenzi akiuma meno, akachukua sururu, akachimba mtaro ambao haukuhitajika na mtu. Manasseh alimtazama, akaona afadhali asiulize.

Alhamisi alfajiri kila kitu kilikuwa tayari. Mashine ya kuchanganya zege imekodiwa na kusimamishwa chini ya kipenu cha mabati kando ya nyumba ya zamani, kokoto zimerundikwa, vibarua wamejipanga na karai zao. Mbingu zilikuwa safi. Osewe aliifungua ramani kwa simu yake mwenyewe: duara la Sironga, alama ya kijani, mvua sifuri. Kwa dakika chache alitaka kuiamini. Mtu akichoka sana hutamani hata uongo uwe kweli ili apumzike.

Kabla ya saa nne, wingu lilikuwa limeinuka nyuma ya milima ya Manga, zito, jeusi chini na jeupe juu. Kila mtu pale aliliona.

"Tumwage?" Manasseh aliuliza. "Ramani inasema jua. Ikinyesha si atajilaumu mwenyewe? Tuna ushahidi wa simu."

Na hapo ndipo palikuwa na jaribu lenyewe. Wangemwaga. Saa tisa Ruth angeiona slabu kwenye video, angefurahi, Abner angebaki Nyacheki, na jina la Osewe lingebaki safi kwenye kundi. Kama mvua ingeiosha saruji, ufa usingeonekana mwezi huo wala mwaka huo. Ungeonekana baadaye, na chini yake angekuwa amelala mama mzee mwenye chai ya maziwa. Osewe alifikiria hilo kwa hasira, kwa sababu alitamani sana kutolifikiria.

"Funikeni saruji," alisema. "Leo hakuna kazi."

Vibarua walinung'unika, mwenye mashine akakunja uso, wote wakashuka stoo shingo upande kusubiri. Osewe alipanda peke yake kwa Gesare, akakaa barazani chini ya mabati, simu mkononi, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

Mvua ilichelewa, kama inavyochelewa siku unayoitaka. Saa nane ilianza kudondoka. Gesare alitoka na kitambaa na nailoni, akauvalisha mtambo, akarudi ndani. Osewe hakumzuia wala hakumsaidia. Muda mfupi kabla ya saa tisa mbingu zilifunguka zote kwa pamoja, na ndani ya mvua mlikuwa na mawe, barafu kubwa kama njugu, yakipiga mabati kwa kishindo cha kumfanya mtu asisikie mawazo yake mwenyewe. Ndipo simu ikaita.

Ruth alikuwa ndani ya gari lake, bado amevaa nguo za kazi, macho mekundu ya kukesha. Midomo yake ilicheza.

"SIKUSIKII!" Osewe alipiga kelele.

Ruth aliinamia simu, na ghafla uso wake ukachanua. Sauti yake ilipenya vipandevipande.

"Naisikia mashine!... Naisikia!... Umeona sasa? Kumbe inawezekana! Endeleeni, endeleeni!"

Osewe alimkodolea macho. Alikuwa amedhani hakuna tena kitu duniani kinachoweza kumuudhi kwa habari ya nyumba ile, kumbe kilikuwepo. Mvua ya mawe juu ya bati, mvua ambayo alikuwa ametafuta kuithibitisha kwa video na magazeti, imefika yenyewe sikioni mwa Ruth, na Ruth amesikia zege.

"SI MASHINE!" alifoka. "SI MASHINE, DADA! TAZAMA!"

Akaigeuza kamera kuelekea uani.

Wakati huohuo upepo ulikuwa umeipata nailoni. Kamba ilikatika upande mmoja, nailoni ikapepea na kupiga nguzo, na kitambaa cheupe kikaanza kuchomoka. Kabla Osewe hajainuka, mlango wa nyuma ulifunguka na Gesare akatoka mbio, mbio za mwanamke wa umri wake, mguu mmoja ukiburuta. Hakuchukua mwavuli. Aliteleza, akashika nguzo, akapanda kigoda, akaikumbatia nailoni kwa mikono yote miwili na kuubana mtambo kifuani. Mawe yalimpiga kichwani na mabegani. Aliinamisha uso, akakaa hivyo hivyo, amefumba macho.

Mikononi mwa Osewe simu ilikuwa ikipiga mayowe.

"Mama! Mama, acha! Mama, ingia ndani! Jamani, mama yangu! Fundi, mtoe! Mtoe hapo!"

Gesare hakusikia kitu. Nani angesikia?

Osewe aliitupa simu kwenye kiti cha baraza na kujitosa. Ilimbidi amng'oe mama mzee kidole kimoja kimoja, kwa maana hakutaka kuachia, na alipomwinua alimkuta mwepesi kuliko mfuko wa saruji uliotumika nusu. Akamwingiza ndani, akarudi kuchukua simu. Mawe yalikuwa yakipungua, yamebaki maji tu, mengi, yakipita uani kama mto unaojua unakokwenda.

Gesare alikataa kukaa. Alisimama katikati ya sebule akidondosha maji, asije akalowesha vitambaa vya viti. Paji la uso wake lilikuwa na alama nyekundu mbili. Alipumua kwa shida na kumtazama Osewe kwa hasira.

"Wewe umekaa na simu," alimwambia. "Kamba umeona inakatika, na wewe umekaa na simu."

"Mama, Ruth yuko hapa. Ameona."

Alimgeuzia simu. Ruth alikuwa ameweka paji la uso juu ya usukani wa gari, mabega yakimtikisika. Aliinua kichwa.

"Fundi," alisema kwa sauti ya makamasi. "Fundi Osewe. Kunanyesha."

Wiki zote hizo alikuwa akimwambia neno hilo, asubuhi kwa asubuhi, na sasa yeye ndiye anaambiwa. Osewe aliitikia kwa kichwa tu, maji yakimdondoka puani.

"Slabu ingoje," Ruth alisema. "Ingoje mpaka wewe useme." Kisha akamtazama mama yake na kilio kikamshinda tena. "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe, sikujua."

Gesare aliishika simu kwa mikono yote miwili, akaileta karibu na uso wake uliolowa, akashangaa mtoto analilia nini.

"Usilie, mwanangu," alimwambia. "Nimeishika vizuri. Mvua haijaiguza hata kidogo."